Huruma ya Jaji

Tangu Otto Pollak achapishe kitabu chake mwaka 1950, wengi wameshikilia kwamba wanaume wa polisi na mahakamani humwonea mwanamke huruma kwa kuwa tu ni mwanamke. Basi nilikifungua kitabu cha Kathleen Daly, Gender, Crime, and Punishment (1994), nikitazamia takwimu za kulikubali au kulikataa dai hilo. Takwimu zimo. Lakini uzito wake uko kwingine. Daly alichagua jozi 40 za wanaume na wanawake waliohukumiwa mjini New Haven, Marekani, kwa makosa yanayolingana, akayasoma majalada yao moja moja. Kumbe kosa lenye jina moja si lazima liwe kosa moja: huyu ndiye aliyeshika silaha, yule alisimama mlangoni. Pengo lililoonekana katika hesabu likapungua sana.

Kwa kazi hiyo nampa heko. Linalonikera ni kwamba majalada hayo yaliandikwa na maofisa. Humo mwanamke husimuliwa, hasimulii.

Tena Daly huyu huyu alikwisha kuonyesha, mwaka 1987, kwamba majaji hulegeza adhabu kwa mshtakiwa mwenye kulea familia, hasa akiwa mama. Huruma hiyo, naona mimi, ni ya watoto. Na asiye na mtoto je? Sonja Starr alipopima kesi za mahakama za shirikisho huko Marekani mwaka 2012, wanaume walifungwa muda mrefu zaidi kwa wastani wa asilimia 63. Wastani huo unamchanganya mama na yule asiyezaa.