Pumzi kwa Kipimo

Injini ya petroli isiyo na turbo huishi kwa hewa inayojiingiza yenyewe. Pistoni ikishuka huacha nafasi juu yake, na uzito wa anga ndio unaoisukuma hewa ndani. Ndiyo maana nguvu yake haikupangwa na kiwanda peke yake. Toyota Starlet yenye injini ya 4E-FE, lita 1.3, ikitoka Mombasa kwenda Nairobi hupanda zaidi ya mita 1,600, na huko juu presha ya hewa hushuka kutoka bar 1 hadi takriban 0.83. Gari ni lile lile, mafuta ni yale yale, lakini karibu sehemu moja ya sita ya pumzi imebaki pwani. Mwaka 1918 mhandisi Sanford Moss wa General Electric aliipandisha injini ya ndege ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak, Colorado, mita 4,300 hivi juu ya bahari. Injini iliyotoa nguvu ya farasi 350 bondeni ilitoa 230 tu mlimani. Ilipofungwa turbo, ikapata 356. Hapo turbo ilikuwa inarudisha kilichopotea, na mimi huanzia hapo ninapotaka kumsifu fundi anayeifunga kwenye gari dogo. Bar 0.2 tu zinatosha kuirudishia injini ya Nairobi hewa ya Mombasa. Sifa ya kazi hii iko kwenye kipimo.

Kuongeza presha si kazi ngumu. Ugumu uko kwenye yanayofuata. Hewa ikishindiliwa hupata joto: ile iliyoingia na nyuzi 30 hutoka kwenye turbo kwa bar 0.5 ikiwa imepita nyuzi 80. Ikikutana na kompresheni ya juu, mchanganyiko hulipuka wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia, injini inagonga, na kipande cha pistoni kilicho kati ya ringi na ringi hukatika. Toyota walilijua hilo. Walipounda 4E-FTE, ndugu wa turbo wa 4E-FE, walishusha kompresheni kutoka 9.6 kwa 1 hadi 8.2, wakaweka intakula ya kuipooza hewa, wakapata farasi 135. Fundi wa gereji anayefunga turbo kwenye 4E-FE hana pistoni hizo. Ana 9.6, ana nozeli zilizopimwa kwa injini nyingine, na kompyuta ambayo haikufundishwa kuijua hewa iliyozidi ile ya anga. Kila anachoongeza lazima akilipie kwa mafuta zaidi na moto wa plagi uliocheleweshwa kidogo, na ajue pa kusimama.

Tazama jambo dogo kama mpira wa kurudisha oili. Shafti ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na oili inayoilainisha hutoka imeumuka povu, haina msukumo tena. Inateremka kwa uzito wake tu. Mpira ukiwa mwembamba, au ukipinda na kufanya tumbo njiani, oili hujaa, hupenya kwenye sili na kuingia ekzosi. Moshi wa bluu unatoka, watu wanasema turbo imekufa, inanunuliwa nyingine, nayo inavuta moshi vilevile. Fundi hodari hutoboa sampo juu ya usawa wa oili, huipaka keekee grisi ili inase chenga za chuma, kisha huushusha mpira mnene moja kwa moja. Hakuna mteja atakayeliona tobo hilo.

Wapo wasemao turbo huua injini. Zimekufa nyingi, ni kweli, lakini ukizifungua utakuta mafuta yasiyoitosha hewa, au presha iliyopandishwa baada ya fundi kuondoka. Hoja nzito zaidi ni hii: kwa nini usinunue 4E-FTE iliyotumika ukaipachika? Kwa anayetaka farasi 135, huo ndio ushauri sahihi, na fundi mwaminifu atamwambia hivyo kabla ya kupokea pesa. Atamwambia pia kwamba breki za gari dogo zilipimwa kwa mwendo wa gari dogo, hivyo zitangulie. Ila kwa anayetaka gari lake lipande bila kuhema, bar 0.3 zilizopangwa vizuri juu ya injini nzima aliyonayo ni kazi halali kabisa, nami naiona ngumu kuliko kupachika injini, kwa kuwa hapa hakuna kiwanda kilichomfikiria fundi mapema.

Ndiyo sababu kazi yake haiishii gereji. Gari hupandishwa mlima wa Kitonga likiwa na mzigo, huzimwa likiwa bado linavuta, na plagi zinafunguliwa hapo hapo barabarani, kitambaa mkononi kwa ajili ya joto. Kaure ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, sawa. Zikionekana chembe zinazometa, ndogo kama vumbi la pilipili manga, hiyo ni aluminiamu ya pistoni iliyoanza kuliwa. Gari halikuonyesha kasoro yoyote, na mwenyewe anafurahia lilivyopanda. Fundi anarudisha plagi, anashusha presha, na wanaanza mlima upya.