Je, Sinema ya Watu Wengi Yastahili Kabati la Heshima?

Kila aliyepita Manguredjipa jioni aijua kelele ile: jenereta yanguruma nyuma ya kibanda cha mbao, na ndani watu wamebanana juu ya mabenchi, macho yote kwenye televisheni. Wachimbaji wa dhahabu wametoka machimboni, vijana wametoka shambani. Wamelipa kidogo, nao wataka kuona mapigano, moto na mbio za magari. Tena, tangu mauaji yalipofika upande wetu wa Bapere mwaka 2024, saa mbili za kusahau hofu si kitu kidogo. Lakini wako wasomi wanaowacheka, wakisema kwamba hizo ni sinema za ovyo, na sinema za maana ziko kwingine. Sisi twauliza: Ziko wapi? Na ni nani aliyezipima?

Shauri hili si la kwetu tu. Huko Marekani iko kampuni iitwayo Criterion, iliyoanza mwaka 1984. Kazi yake ni kuchagua filamu, kusafisha picha na sauti zake, na kuzitoa katika diski nzuri pamoja na maelezo ya wataalamu, ili mtu aziweke nyumbani kama mwingine awekavyo vitabu vyake. Wapenzi wa sinema huliheshimu sana jina hilo. Humo mna kazi za Bergman wa Uswidi, za Kurosawa wa Japani, na za Mwafrika mwenzetu Ousmane Sembène wa Senegali.

Basi, mwaka 1999 kampuni hiyo ilitoa diski ya Armageddon, filamu ya Michael Bay. Filamu hiyo ilikuwa imeonyeshwa mwaka 1998, ikapata fedha nyingi kuliko filamu nyingine yoyote ya mwaka ule duniani. Wapenzi wengi wa kabati lile walinung'unika, kama watu walioona chupa ya bia ndani ya sakristia.

Jina lake limetoka katika kitabu cha Ufunuo, lakini hadithi yake ni nyingine. Jiwe kubwa mno laja kutoka angani kuiangamiza dunia. Wakubwa wa Marekani wawaita wachimbaji wa visima vya mafuta, watu wa matope na matusi, waruke mpaka kwenye jiwe, walitoboe na kutia bomu ndani yake. Mwishoni chombo cha kulipulia bomu kutoka mbali chaharibika. Sharti mtu mmoja abaki. Kura yamwangukia kijana. Mzee, baba wa mchumba wake, amsukuma kijana arudi chomboni, naye abaki afe.

Tuliitazama pamoja na wachimbaji. Walicheka sana waliposikia jinsi wale wa Marekani wanavyogombana juu ya kazi na malipo, maana ugomvi huo waujua. Mzee alipobaki peke yake juu ya jiwe, kibanda kizima kilinyamaza. Hakuna aliyehitaji kufundishwa maana ya kuutoa uhai kwa ajili ya mwingine.

Hata hivyo hatutaficha makosa yake. Picha zake zakimbizana bila kupumzika, hata jicho halipati nafasi ya kumtazama mtu usoni. Muziki hutangulia kutuamuru kulia kabla moyo haujaguswa. Watu wa nchi nyingine waonyeshwa wakitazama juu tu, wakingoja Wamarekani wawaokoe. Elimu yake ya nyota ni ya kubahatisha. Ni filamu yenye moyo mwema na mikono yenye haraka.

Je, yatosha kuingia kabatini? Mwalimu mmoja wa elimu ya sinema, Jeanine Basinger, aliyemfundisha Bay chuoni, aliandika maelezo ya diski ile akiitetea. Alionyesha jinsi inavyowainua watu wa kazi za kawaida hata kuwafanya mashujaa. Twaona kwamba hapo alisema kweli. Ni filamu ngapi za heshima ambamo mchimbaji ndiye anayeiokoa dunia?

Tena kabati lile halikuanza bila filamu za umati. Diski zake mbili za kwanza, mwaka 1984, zilikuwa Citizen Kane, inayosifiwa sana na wataalamu, na King Kong ya mwaka 1933, hadithi ya sokwe mkubwa iliyopendwa na watu wengi. Hata Vatikano, ilipotoa mwaka 1995 orodha ya filamu 45 kukumbuka miaka mia ya sinema, iliweka pamoja filamu ya Dreyer ya mwaka 1928 juu ya mateso ya Mtakatifu Yoana wa Arki, na Ben-Hur ya mwaka 1959, iliyojaza majumba ya sinema duniani.

Kwa hiyo wingi wa watazamaji si dhambi ya filamu. Wala wingi wa fedha si cheti chake. Sisi twapendekeza vipimo viwili. Kwanza, je, yafanya vizuri kazi ya namna yake, yaani yachekesha kweli kama ni ya kuchekesha, yatisha kweli kama ni ya kutisha? Pili, ukiitazama tena, wapata kitu kipya? King Kong yashinda vyote viwili: mnyama yule ni mwanasesere aliyesogezwa kidogo kidogo kwa mikono ya Willis O'Brien na wenzake, na hata leo twamhurumia anapokufa. Armageddon yashinda cha kwanza. Katika cha pili yachechemea. Tungeipokea, lakini katika rafu ya chini.

Liko jambo jingine linalotuuma zaidi. Filamu tajiri ina walinzi wake. Hata Criterion wangeiacha, isingepotea. Lakini La Noire de… ya Sembène, iliyotoka mwaka 1966, iliingia katika kabati lile mwaka 2017, miaka 18 baada ya Armageddon. Na hapa kwetu Kongo, ni nani awakumbuka Matamata na Pilipili? Filamu zao za kuchekesha zilitengenezwa Kasai katika miaka ya 1950 na Padre Albert Van Haelst wa shirika la Scheut, na watu walizikimbilia. Zina jicho la wakati wa ukoloni, na yafaa tuliseme wazi. Lakini zimebeba pia sura na vicheko vya wazee wetu.

Basi, hatuwaonei kijicho wale waliofunguliwa mlango. Twauliza mbona wengine wangojeshwa nje muda mrefu hivi. Na kwetu parokiani, penye kasha la diski au kadi ya simu iliyojaa filamu, tusiwafukuze vijana kwa kelele. Tuketi nao, tutazame mpaka mwisho, kisha tuwaulize: Ni ipi mngependa watoto wenu waione, na kwa nini? Wakijibu hilo, wameanza kabati lao wenyewe.