Oodgeroo Noonuccal: Nani Anayeondoka?

Diwani ya We Are Going ilichapishwa Australia mwaka 1964. Kabla yake haikupata kuchapishwa diwani ya Mwaborijini, yaani mmoja wa wenyeji wa asili wa nchi ile. Mtunzi wake, akijulikana wakati huo kama Kath Walker, alizaliwa mwaka 1920 na kukulia katika kisiwa cha Minjerribah, pwani ya Queensland. Jina la Oodgeroo Noonuccal alilitwaa baadaye, kwa kupinga sherehe za mwaka 1988 za miaka 200 ya walowezi wa Kiingereza.

Diwani ilinunuliwa kwa wingi, lakini baadhi ya wahakiki waliikataa: hayo, walisema, ni malalamiko ya kisiasa, si mashairi. Shutuma hiyo haifai kupuuzwa. Katika shairi lake la hati ya haki, lililowasilishwa mbele ya watetezi wa Waaborijini mjini Adelaide mwaka 1962, kila jambo linalodaiwa limepangwa na jingine linalokataliwa. Ni rahisi kulihifadhi na kulighani mkutanoni. Lakini sikio likishauzoea mwendo wake, hutangulia kufika kwenye kina.

Shairi lililoipa diwani jina ni jambo jingine. Halina vina. Watu wachache, kimya, wanaingia katika mji mdogo uliojengwa palipokuwa na uwanja wao wa jando. Sasa pana kibao kinachoruhusu kutupa taka. Mtunzi anawataja kwa nafsi ya tatu, anasema hawawezi kuyatamka mawazo yao. Papo hapo nafsi inageuka: "wao" wanakuwa "sisi", na hao wasio na kauli wanasema hadi mwisho wa shairi. Kujitaja kwao, kunakorudiwarudiwa, kunashika nafasi ya kituo.

Hapo ndipo ilipo hoja ya ardhi. Hawadai kuwa uwanja ni mali yao. Wanasema kuwa wao ndio uwanja. Kiswahili chaweza kuzibeba maana zote mbili kwa pamoja: "uwanja ni wao". Ila katika nafsi ya kwanza mfasiri hana budi kuchagua kati ya "wetu" na "sisi". Akishika "wetu", amelirudisha shairi katika lugha ya mahakama, zile zilizoihesabu nchi kuwa haikuwa na mwenyewe, hadi tarehe 3 Juni 1992 watu wa kisiwa cha Mer waliposhinda kesi ya Eddie Mabo.

Wapo wanaokisoma kichwa cha shairi kama kukata tamaa. Lakini mtunzi huyu alikuwa mstari wa mbele katika kampeni ya kura ya maoni ya tarehe 27 Mei 1967, ambapo zaidi ya asilimia 90 ya wapiga kura waliridhia Waaborijini wahesabiwe katika sensa na bunge la taifa liweze kuwatungia sheria. Aliyesalimu amri haombi kura. Maombolezo yake yaliwalenga waliosababisha msiba.

Alifariki mwaka 1993, akazikwa Minjerribah. Mwaka 2011 mahakama ilitambua haki za jadi za Waquandamooka, watu wake, juu ya ardhi ya kisiwa hicho. Hawakuwa wameondoka.