Umri wa Mama Mkubwa

Sifa za Pensheni Jamii ya Zanzibar nimezisikia nyingi, na nyingi katika hizo naziunga mkono. Ilianza Aprili 2016: kila mkaazi aliyetimia miaka 70 alipwe shilingi 20,000 kwa mwezi, kwa fedha za Serikali yenyewe, bila ya kuulizwa alifanya kazi gani wala alichangia nini. Kwetu Jambiani wazee wamesokota kamba za makumbi, wamevua, na tangu 1989 kina mama wamelima mwani. Ukisema "asiyechangia mfuko wowote" umewataja karibu wote.

Msaada wa zamani ulikuwa na mlango mwengine. Zilikuwapo nyumba za wazee za Sebleni na Welezo, kwa wale wasio na wa kuwatunza. Ulikuwapo na msaada mdogo wa ustawi wa jamii kwa wasiojiweza. Baadaye ukaja mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, ambao majina yake yalianzia kwenye mkutano wa shehia. Yote hiyo ilimtaka mtu aoneshe shida yake. Sasa nani wa Jambiani atasimama mbele ya majirani, na mkwewe yupo, aseme nyumba yangu ndiyo fukara kuliko zote? Sitara ni mali. Wapo waliolala na njaa kwa kuilinda, na wapo waliopata kwa kuwa hawana haya. (Simlaumu mwenye shida asiyekuwa na haya, nalaumu utaratibu unaompa zawadi.)

Pensheni mpya iliacha kuuliza "una shida gani?" ikauliza "una umri gani?" Hapo ndipo ilipopata heshima yake. Hapo hapo ndipo lilipo kosa lake, nalo waliosifu hawakulitaja.

Mama yangu mkubwa hakuandikwa popote alipozaliwa. Alizaliwa baada ya dada yake na kabla ya mdogo wake wa kiume, basi. Siku ya kuandikishwa kitambulisho, karani alimtazama, akamuona mwembamba na mwepesi wa kutembea, akaandika 1951. Mjomba wangu, mdogo wake, aliingia siku nyengine akiwa na mvi na mkongojo, akapewa 1945. Yeye kitinda mimba akawa kaka.

Mwaka 2016 mjomba akaanza kupokea. Mama mkubwa akaambiwa arudi 2021. Nilifuatana naye mimi mwenyewe kulalamika. Nilieleza kwamba Mapinduzi yalimkuta ana mtoto wa pili mgongoni. Kwa hesabu ya kadi, siku hiyo yeye alikuwa na miaka 12 au 13. Aliyetusikiliza alicheka kwa adabu, akasema yeye anafuata kadi. Sikuwa na jawabu, kwa sababu pensheni ya haki kwa wote haina budi kufuata kitu, na kitu chenyewe kilikuwa ni dhana ya karani.

Miaka mitano kwa shilingi 20,000 ni shilingi 1,200,000. Fedha ile ya mwezi haikutosha nusu polo la mchele, na ni vyema kwamba katika uongozi wa Rais Hussein Mwinyi, ulioanza 2020, imepandishwa ikafika 50,000. Lakini nyongeza humfikia aliyekwishaingia. Aliyeachwa nje na tarakimu hasaidiwi na ukubwa wa kiwango. Kilichohitajika ni kitu rahisi kuliko fedha: mtu wa kukaa kibarazani na wazee watatu wanne wa mtaa, awaulize nani alimbeba nani mgongoni, nani aliolewa mwanzo, kisha aandike. Wazee wetu hawajui miaka yao, lakini hawakosei kamwe nani mkubwa wa nani.

Katika miaka ile mitano mjomba alikuwa akimletea dada yake 5,000 kila mwezi, ameikunja ndani ya kiganja asionekane na watoto. Mwezi alioanza kupokea zake, mama mkubwa alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama anatakiwa kumrejeshea.