Uso Unaong'aa Bila Kumetameta

Usiku wa tarehe 25 Januari 2024, chini ya daraja la Pont Alexandre III jijini Paris, wanamitindo wa nyumba ya mitindo ya Maison Margiela walipita mbele ya wageni wakiwa na nyuso za wanasesere wa kaure. Hazikuwa zimelowa mafuta, wala hazikuwa na chembe za kumetameta. Zilikuwa nyororo kiasi kwamba taa zilijichora juu ya mashavu. Kwa siku kadhaa wapambaji wa nchi mbalimbali walibishana: kapaka nini huyu? Mwenye kazi, Pat McGrath, Mwingereza mwenye asili ya Jamaika, hakuwa na haraka ya kuwajibu.

Alipofundisha hadharani mwanzoni mwa Februari, ilibainika kwamba siri haikuwa ya gharama. Ni barakoa za kubandua, zile za dukani ambazo mtu hupaka usoni, husubiri zikauke, kisha huzivuta zikatoka kipande kimoja. Alizizimua kwa maji safi yaliyokenekwa, akazipuliza usoni kwa bomba dogo la hewa, tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likikaushwa kwa draya ya nywele kabla ya jingine kufuata. Mwaka mmoja baadaye kampuni yake iliingiza sokoni mchanganyiko wake yenyewe.

Hakuna bibi harusi wa Tabata wala wa Likoni atakayetaka kukaa ukumbini na uso wa kaure. Hawezi kucheka nao, hawezi kula, na akitoka jasho umekwisha. Lakini kazi ile imefanya kwa nguvu jambo ambalo uso mzuri wa kila siku, ule ambao watu husema "huyu hajapaka kitu", hulifanya kwa upole. Ndiyo maana inafaa kuifungua na kuona ndani kuna nini.

Mwanga ukiigonga ngozi, sehemu ndogo, kama asilimia 5 hivi, hurudi papo hapo kutoka juu, kama inavyorudi kwenye kioo. Sehemu kubwa huingia ndani. Humo hutawanyika, nyingine humezwa na melanini na damu, na inayosalia hutoka tena ikiwa imeshika rangi ya ngozi. Ile asilimia 5 haijali asili ya mtu. Kwa Mmakonde na kwa Mswidi ni ileile. Tofauti iko kwenye mwanga unaotoka ndani. Ngozi nyeupe hurudisha mwingi, hivyo mng'ao wa juu humezwa na weupe unaouzunguka. Ngozi nyeusi hurudisha kidogo, na mng'ao wa juu huonekana dhahiri, una mpaka, una umbo. Kwa maneno mengine, mwanamke mweusi anaanza kazi hii akiwa mbele. Wapambaji wengi humrudisha nyuma kwa poda.

Sasa ule urudi wa kioo unahitaji uso ulio sawa. Ngozi ina mifereji midogo, vinyweleo, na magamba ya seli zilizokufa yaliyonyanyuka kingo. Kila kipande huelekeza mwanga upande wake, na jicho huona ngozi iliyofifia. Barakoa ya McGrath ina polivinaili alkoholi, kitu kinachokauka na kuwa utando mwembamba. Utando ule ulijaza mifereji na kufunika magamba, ukaacha juu uso mmoja ulionyooka. Maji na mafuta hufanya kazi hiyohiyo kwa kiasi kidogo. Seli za juu zikinywa maji huvimba na kulala, na mafuta kidogo hujaza nafasi zilizobaki baina yake.

Bibi zetu wa pwani hawakuhitaji fizikia kulijua hili. Singo anayosuguliwa mwari siku za kuelekea harusi, kwa maua na viungo vilivyotwangwa vikachanganywa na marashi, huondoa magamba na kuacha mafuta nyuma yake. Mwari huonekana ameng'aa kabla hata ya kutiwa wanja. Tahadhari ni moja: isisuguliwe kwa nguvu asubuhi ya shughuli, maana ngozi iliyochubuka haipokei kitu chochote kwa usawa. Siku mbili au tatu kabla inatosha.

Nirudi kwenye poda, kwa kuwa ndiyo mwizi mkuu wa mng'ao. Poda nyingi ni talki laini, silika na titaniamu dioksaidi, na kazi yake ni kutawanya mwanga. Kutawanya huko ndiko kunakoficha vinyweleo, na ndiko kunakoua ule urudi wa kioo. Juu ya ngozi nyeusi kuna hasara ya pili: chembe nyeupe zinatawanya mwanga mweupe juu ya rangi iliyokolea, na matokeo ni ule ujivu ambao kila mtu ameuona kwenye picha za kitchen party. Watu hulaumu faundesheni. Mara nyingi faundesheni haina kosa. Imefunikwa na poda mara tatu, na kila mara kwa nia njema, kwa sababu jasho lilikuwa linatoka.

Desturi hiyo ya kuua mng'ao kwa poda ilitawala studio za filamu pia. Moonlight, filamu ya mwaka 2016 iliyoongozwa na Barry Jenkins na kupigwa picha na James Laxton, iliivunja kwa makusudi. Jenkins alikulia Miami, mji wa joto na unyevu ambao mtu wa Dar es Salaam au Mombasa hatauona mgeni, na alitaka ngozi za waigizaji zionekane na ule unyevu wake. Poda ikawekwa kando, mafuta yakachukua nafasi. Tazama nyuso katika filamu ile: kila shavu lina ukingo wa nuru unaoeleza umbo la mfupa. Uso uliopakwa poda nyingi hauna ukingo huo, ni bapa.

Lakini mbona mafuta yaleyale, kwa mtu mwingine, humfanya aonekane ametoka jikoni? Hapa ndipo mafunzo mengi ya urembo yanapokatika njiani, kwa kuwa yanazungumzia vilivyopakwa tu na kuisahau taa. Mng'ao wa kioo ni picha ya taa yenyewe juu ya ngozi. Taa ikiwa ndogo na kali, kama flashi ya kamera au globu moja ya darini, picha yake huwa doa dogo, jeupe, lenye kingo ngumu, na jicho husoma doa hilo kuwa mafuta. Chanzo kikiwa kipana, kama dirisha au baraza lenye kivuli, picha yake hutanda juu ya shavu na kufifia taratibu kwenye kingo, na jicho husoma afya. Ngozi ni ileile, vipodozi vilevile.

Ava Berkofsky, mpiga picha mkuu wa tamthilia ya Insecure, alilieleza jambo hili vizuri mwaka 2017. Badala ya kuongeza taa mpaka ukuta na nguo zikaungua kwa weupe, aliwataka wapambaji watandike usoni kitu chenye kuakisi kidogo, kisha akaipa ngozi kitu kikubwa cheupe cha kuakisi. Mpambaji wa saluni hana fundi taa, ila ana mlango. Amsogeze mteja mlangoni amtazame, kisha amtazame tena chini ya taa ya ndani. Wengi wanapambia chini ya taa ya duara ya kupigia picha za simu, ambayo humulika uso kutoka mbele sawasawa na kuficha kila kosa, halafu bibi harusi anaingia ukumbini penye taa za rangi na flashi.

Baada ya hapo, mpangilio wenyewe si mgumu. Ngozi iwe na maji kwanza: uso ukiwa bado na unyevu, losheni yenye glisirini huyavuta maji na kuyashikilia, na juu yake mafuta mepesi au Vaseline ya kupapasa tu huyazuia yasitoroke. Dodoma au Nairobi ya Julai huhitaji Vaseline hiyo. Dar ya Februari haihitaji. Hewa yenyewe imejaa maji, na kinachobaki juu kitateleza na faundesheni yote. Kisha subira. Mpambaji anayepaka faundesheni kabla losheni haijatulia atalaumu sponji bure.

Faundesheni iwe kidogo kuliko unavyofikiri, na ipigwepigwe kwa sponji yenye unyevu, isiburutwe. Kinachohitaji kufichwa zaidi, kovu au weusi chini ya jicho, kifichwe kwa konsila pale tu kilipo. Kosa la kumfunika mtu uso mzima kwa sababu ya madoa mawili ndilo linaloufanya uso uonekane umepambwa: rangi ya asili ya ngozi haifanani kila mahali, paji huwa jeusi zaidi, mashavu huwa na wekundu wake, na jicho la mtazamaji linajua hivyo hata kama yeye hajui kwamba linajua. Fenty Beauty ilipoingia sokoni mwaka 2017 na rangi 40 za faundesheni, iliondoa kisingizio cha kukosa rangi inayomfaa mtu. Haikuondoa kishawishi cha kupaka nyingi.

Vitu vya krimu vitangulie vya unga. Blasha ya krimu ikipakwa juu ya poda hushikana mabonge, na hapo hakuna dawa isipokuwa kufuta. Poda iende katikati ya paji, pembeni mwa pua na kidevuni, basi. Sehemu hizo hutoa mafuta zenyewe. Huko mng'ao utakuja bila kualikwa, na unakuja mahali pasipotakiwa. Juu ya mashavu, daraja la pua na upinde wa mdomo paachwe wazi. Mng'ao huonekana kwa sababu ya kufifia kulikoko jirani yake. Uso unaong'aa kila mahali ni uso wa jasho tu. Na jasho lenyewe likija, likandamizwe kwa tishu, lisiongezewe poda juu.

Hailaita ni ya mwisho, na kwa watu wengi si lazima. Ukiitaka, angalia ukubwa wa chembe. Nyingi hutengenezwa kwa ulanga uliovikwa titaniamu dioksaidi. Chembe zilizo chini ya mikromita 15 hutoa mng'ao laini wa hariri. Zikivuka 50 jicho huanza kuziona moja moja, na hapo tumeacha ngozi tumeingia kwenye mapambo ya Krismasi. Huna haja ya darubini: paka nyuma ya mkono, uugeuze kwenye jua. Ukiona nukta, rudisha kwenye sanduku. Rangi ya dhahabu au shaba huzama vizuri ndani ya ngozi nyeusi; ya fedha na ya lulu nyeupe huacha mstari wa chaki.

Kuna mng'ao mmoja mitaani ambao haumo katika hesabu hii, na ni lazima utajwe kwa kuwa wateja huuleta saluni wakidhani ni mtaji. Mkorogo wenye steroidi huikondesha ngozi. Mistari yake ya asili hupungua, uso unabaki umenyooka na kung'aa kama plastiki, mishipa myekundu ikionekana kwa chini. Kwa muda mfupi picha hutoka nzuri. Baadaye ngozi ile haishiki kitu, huwaka ikiguswa na jua, na madoa yakirudi huwa meusi kuliko ya awali. Krimu zenye zebaki ni mbaya zaidi, kwani hudhuru figo. Tanzania imezipiga marufuku, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lakini kopo lisilo na maandishi halisomeki na mkaguzi wala mnunuzi. Mpambaji mwaminifu akiiona ngozi ya namna hiyo apake kidogo, asisugue, na amshauri mteja amwone daktari wa ngozi kabla hajaacha ghafla, maana kuacha ghafla nako huwasha uso.

Limebaki suala la flashi. Poda zenye silika nyingi, na baadhi ya krimu za kuzuia jua zenye zinki au titaniamu, hazionekani kwa macho lakini hurudisha mwanga wa flashi moja kwa moja kwenye kamera. Ndiyo yale mabaka meupe chini ya macho yaliyowaaibisha hata nyota wa Hollywood kwenye zulia jekundu. Kwa hiyo, bibi harusi, usiondoke saluni kabla hujapigwa picha mbili kwa simu, moja ukiwa mlangoni na moja kwa flashi. Ya mlangoni ikiwa nzuri na ya flashi ina mabaka, mwambie fundi apunguze poda. Asikuongezee kitu.