Maswali ya Maandishi na Madai ya Nyaraka: Mali ya Dukani katika Shauri la Talaka

Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali ambayo wanandoa walichuma kwa juhudi za pamoja. Mahakama huangalia desturi za jamii yao, mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote wawili na mahitaji ya watoto wadogo, kisha huelekea kwenye mgawanyo sawa. Yote hayo yanataka ushahidi, na mara nyingi ushahidi wenyewe umefungiwa kwenye droo ya mwenzi mmoja. Njia ya kuutoa humo kabla ya shauri kusikilizwa imo katika Amri ya XI ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai: maswali ya maandishi yanayojibiwa kwa kiapo, na madai ya kuonyeshwa nyaraka.

Umuhimu wa ushahidi huo unaonekana katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, lililoanzia Mahakama ya Mwanzo Kariakoo na kuamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983. Mahakama ya chini ilikuwa imemnyima mke mgawo kwa hoja kwamba nyumba ilinunuliwa kwa fedha za mume. Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitamka kuwa kazi za nyumbani ni mchango unaohesabika. Hata hivyo Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa sababu mahakama iliridhika kwamba alikwisha kupewa fedha za mradi na mumewe, naye akazitapanya. Kanuni ilimpendelea yeye, lakini hesabu ya fedha ikamwangusha. Wanaolitaja shauri hili kwa kanuni yake tu huacha nusu ya somo lake.

Jambo la kwanza la kuamua ni mahakama ya kufungulia shauri. Maombi ya talaka yanaweza kupelekwa Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu, na Dar es Salaam Kituo Jumuishi cha Temeke, kilichoanza mwaka 2021, kinashughulikia mashauri ya ndoa na mirathi. Lakini Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai haitumiki katika Mahakama ya Mwanzo. Huko wadaawa huulizana ana kwa ana mbele ya hakimu, na nyaraka hupatikana kwa kumwita shahidi aje nazo. Utaratibu huo ni wa haraka na nafuu, na kwa wanandoa wenye kiwanja kimoja na vyombo vya ndani unatosha kabisa. Mwenye madai juu ya biashara ya Kariakoo ana sababu nzuri ya kuanzia ngazi ya juu.

Mali ya Kariakoo ni ngumu kushikika. Sehemu ndogo tu ndiyo yenye hati miliki. Kubwa ni haki ya kukaa kwenye fremu, kilemba kilicholipwa ili kuipata, shehena iliyoko godauni, nafasi katika kontena lililochangiwa na wafanyabiashara kadhaa, na mzigo uliotolewa kwa mali kauli, yaani kwa mkopo, kwa wateja wa mikoani. Leseni inaweza kuwa kwa jina la kaka, namba ya mlipakodi kwa jina la mke, na mkataba wa pango kwa jina la mtu aliyekwisha kuhama. Ukiuliza tu nani ameandikwa, utapata jibu la kweli lisilo na manufaa.

Kwa sababu hiyo maswali ya maandishi yanapaswa kutangulia madai ya nyaraka. Swali linafichua kwamba karatasi fulani ipo na iko kwa nani, kisha dai linaifuata kwa jina lake. Kibali cha mahakama huombwa kwanza, na hakimu hupima kama kila swali linagusa jambo linalobishaniwa. Swali ambalo lingepita wakati wa kumhoji shahidi kizimbani linaweza kukataliwa hapa. Maswali juu ya mahawara, matusi na aibu za ukoo huondolewa yasipohusiana na hoja iliyo mbele ya mahakama, na wakili anayeyajaza humo anapoteza kibali alichokuja kukiomba.

Tofauti ya swali zuri na baya ni kubwa. "Taja mali zako zote" hujibiwa kwa mistari miwili. Linganisha na hili: "Taja kila fremu uliyopanga, uliyopangisha au uliyofanyia biashara katika mitaa ya Kongo, Msimbazi na Aggrey tangu Januari 2015, kwa kila moja eleza jina la mwenye jengo, kodi na namna ilivyolipwa, kilemba ulichotoa au kupokea, na nani anaitumia sasa." Swali la pili lina mipaka ya mahali na muda, na kila kipande chake kinaweza kupimwa kwa karatasi au kwa mtu. Kipande cha mwisho kina uzito wa pekee, kwa kuwa fremu iliyohamishiwa kwa ndugu wiki chache kabla ya talaka hugundulika hapo.

Madeni yanahitaji swali lake. Mwenzi anayeendesha duka hukimbilia kutaja anayodaiwa na kunyamazia anayowadai wengine. Daftari la mali kauli linaonyesha pande zote mbili: tarehe, jina la mteja, idadi ya dazeni, kiasi kilicholipwa na baki. Likiombwa, liombwe kamili pamoja na kurasa za miezi ya mwisho, kwani ndipo madeni mapya yasiyo na mzigo huandikwa.

Baada ya majibu, upande mmoja huiomba mahakama iuamuru mwingine uorodheshe kwa kiapo nyaraka ulizonazo au zilizo chini ya mamlaka yake. Orodha hiyo itenganishe zilizopo na zilizokuwapo, ikieleza zile za pili zilikwenda wapi. Maelezo hayo hayana budi kudaiwa, maana kusema karatasi zilipotea hakutoshi. Kwa mfanyabiashara, vitu vya kutaja kwa jina ni mkataba wa pango, risiti za mashine za kodi, makadirio ya kodi, taarifa za benki na za pesa za simu, na karatasi za forodha za mzigo ulioingia bandarini. Vilivyoko Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), Mamlaka ya Mapato au benki hufuatwa kwa wito wa mahakama kwa taasisi husika, kwa kuwa mwenzi hawezi kulazimishwa kutoa asichonacho.

Hatua moja husahaulika na kugharimu. Mke aliyepiga picha ya mkataba wa fremu kwa simu ana nakala tu, na Sheria ya Ushahidi inataka hati halisi. Kama halisi iko kwa mume, sharti la kawaida ni kumpa kwanza notisi ya kuitoa. Akikaidi, nakala inaweza kupokewa. Bila notisi hiyo pingamizi dogo la wakili linatosha kuiondoa. Ujumbe wa simu na miamala ya kielektroniki inatambuliwa na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, lakini anayeileta aeleze ilihifadhiwaje na ilichapishwaje.

Asiyetii amri ya kujibu au kuonyesha nyaraka anakabiliwa na hatari ya kweli: mdai anaweza kufutiwa madai, na mdaiwa anaweza kuondolewa utetezi wake akahesabiwa kama hakuuleta. Adhabu hiyo huombwa kwa maombi maalumu yanayoonyesha amri ilitolewa lini, ilifikishwa kwa nani na ni kipengele kipi hakikutekelezwa. Majibu yaliyotolewa hayawi ushahidi yenyewe kwa yenyewe. Upande ulioyapata huchagua yanayoufaa na kuyatoa wakati wa kusikiliza shauri, na mahakama inaweza kuagiza mengine yaliyofungamana nayo yasomwe pia.