PHP mbili kwenye seva moja: daraja si nyumba

Bandugu wa promosyo, tuongee kidogo juu ya hii desturi ya kuweka PHP mbili kwenye seva moja. Hapa Ibanda, kuanzia Nyawera mpaka Panzi, wengi wetu tunaijua hali yenyewe: programu ya alama za wanafunzi ama ya minerval iliandikwa zamani kwa PHP 5, tovuti mpya inadai PHP 8, na franga ya seva ya pili haiko. Basi tunaziweka zote mbili. Mteja anafurahi: "Iko natembea, musiguse!"

Dawa yenyewe si mbaya. Kwa PHP-FPM kila toleo linawaka peke yake na soketi yake, kisha Apache ama Nginx inapeleka kila tovuti kwenye toleo lake. Sababu pia ni ya kweli: PHP 7, iliyotoka Desemba 2015, iliondoa kabisa mysql_connect na ndugu zake, na programu nyingi za zamani zinasimama juu ya hizo. Kuziandika upya si kazi ya usiku mmoja.

Ubaya ni kuishia hapo. PHP 5.6 haipati tena marekebisho ya usalama kutoka kwa wenyewe tangu mwisho wa 2018. Tena kwenye Debian ama Ubuntu, ukiweka FPM mbili na kuziacha zilivyo, zote zinafanya kazi kwa jina moja la mtumiaji, www-data. Mwizi akipenya kwenye tundu la programu ya zamani, anaweza kusoma mpaka faili za tovuti mpya, pamoja na neno la siri la hifadhidata. Alama za batoto, malipo ya bazazi, byote viko humo. Sasa ile PHP 8 imelinda nini?

Kwa hiyo kila tovuti ipewe mtumiaji wake, na faili zake zisisomwe na mwingine. Kazi za usiku za cron zitaje toleo lake waziwazi, kwa sababu amri "php" tupu inaita toleo moja tu. Na juu ya yote, mkataba uandikwe tarehe ya kuzima ile ya zamani. Fundi anayeweka toleo la pili bila tarehe hiyo hajamaliza kazi, hata kama amekwisha kulipwa.